Barua Niliyoiandika Kabla ya Kuisikia

Nilijifunza kupiga chapa kwenye boksi la sabuni. Boksi lilipasuliwa likalazwa mezani, likachorwa kwa mkaa vibonye vyote vya taipureta, mstari kwa mstari, kila herufi ndani ya kiduara chake. Taipureta ya kweli alikuwa nayo mama mmoja pale Same mjini, karani mstaafu, nayo ilikuwa moja tu. Sisi wanafunzi tulikuwa wanne. Mmoja alikaa kwenye mashine, watatu tukakaa kwenye maboksi, na tulibadilishana kila mama alipopiga kofi. Miaka ile sabuni yenyewe tuliipata kwa kupanga foleni na kuandikwa majina, kwa hiyo hata boksi lake lilikuwa kitu cha kuombwa kwa adabu.

Boksi lilikuwa na kasoro moja. Halikuwa na mlio, na halikuacha alama kwenye karatasi. Ungeweza kukosea asubuhi nzima usijue. Lakini mama alijua. Alipita nyuma yetu taratibu akitazama vidole, akasema bila kupandisha sauti:

"Wewe wa Vudee, kidole chako cha mwisho kimelala. Kiamshe."

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kinachobonyeza A. Nadhani aliyepanga herufi zile hakumfikiria mtu anayeandika Kiswahili. Andika mahakama, andika taarifa, andika wananchi: A imejaa kila mahali, na kazi yote hiyo kimepewa kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwenye mashine ya mama, kibonye cha A kilikuwa kimefutika, kimebaki kishimo laini kama jiwe la kusagia. Q na X ziling'aa kana kwamba zimetoka dukani jana.

Mwisho wa wiki nilipanda lori kurudi nyumbani Vudee, milimani, na boksi langu nimelikunja ndani ya kanga. Kule kuna ukungu na baridi, vidole vinakakamaa. Nilikaa jikoni karibu na sufuria ya makande, nikaliweka boksi kwenye magoti na kuanza kupapasa, macho nimeyafumba kama tulivyoelekezwa. Mama yangu mzazi alinitazama kwa siku mbili. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Hiyo ndiyo shule tunayokulipia kwa mahindi yetu? Unabonyeza boksi?"

"Nakariri herufi, mama."

"Herufi si ulizimaliza darasa la kwanza?"

Nilipomaliza mafunzo, hali ya nchi ilikuwa imeanza kubadilika. Vitu vilirudi madukani. Mitumba ilitandazwa kando ya barabara kuu. Mtu aliweza kuweka meza yake mahali na kufanya kazi yake bila kuulizwa sana. Mama wa taipureta naye akaweka meza kwenye baraza la duka la ushirika lililokuwa limefungwa, mkabala na ofisi za serikali, akanichagua mimi nikae kwenye mashine. Yeye alikaa pembeni kwenye kiti cha kamba, akipanga nakala na kusikiliza habari za watu. Alipenda sana habari za watu.

Utepe wa wino ulikuwa adimu bado. Ulipopauka tuliudondoshea mafuta ya taa kidogo, tukauviringisha na kuuacha ulale mpaka wino uliobaki uenee. Kaboni tuliitumia mpaka ukiiinua juu unaona jua kupitia matundu ya herufi. Lakini barua zilitoka, na wateja hawakukosekana, maana milimani kwetu watu wanapenda haki yao iandikwe. Jirani yetu pale barazani, fundi viatu kutoka Tabora, hakuchoka kututania.

"Dada chapa, leo Wapare wangapi wamekata rufaa?"

"Wawili. Na mmoja anakushtaki wewe, umemshonea viatu vyote vya mguu wa kushoto."

"Mwambie aje. Nyie si ndio mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku?"

"Kuku wetu ni kuku wa maana."

Barua za wakati ule zilikuwa na njia yake. Anwani huku kulia, tarehe, kisha YAH, halafu kichwa cha habari kinachopigiwa mstari, halafu Husika na somo hapo juu. Baada ya miezi michache mikono yangu ilikuwa inafika kabla ya mteja. Mtu akivuta pumzi aseme "Naomba," mimi nimeshapiga naomba na ninamsubiri kwenye kiwanja, au mfugo, au mtoto aliyekosa nafasi ya shule. Wateja walishangaa. Wengine waliamini mashine ndiyo inayojua. Sikuwasahihisha, maana sifa ilikuwa tamu.

Siku hizi simu yangu hunifanyia hivyo hivyo. Nikiandika shikamoo, chini yake linatokea neno mama, kabla hata sijaamua ninamwandikia nani. Simu za kwanza nilizotumia hazikuweza. Kila herufi ulibonyeza mara tatu nne, na ukiwasha kamusi yake ilikuletea Kiingereza kitupu. Sasa zimejifunza. Kila mara neno linaponitangulia hivyo, nasita kidogo kabla ya kuligusa, na sababu ya kusita kwangu ni mzee mmoja wa mkonge.

Kule bondeni, upande wa reli, kulikuwa na shamba kubwa la mkonge ambalo lilikuwa linapunguza watu. Wengi wao walikuwa wameletwa enzi za manamba, vijana wa mkataba waliokusanywa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Iringa, kila mmoja na namba yake. Sasa walikuwa wamezeeka. Ofisi ya shamba iliwaambia kila mmoja aandike barua, na anayetaka kurudi kwao atapelekwa kwa lori hadi stesheni ya Same na kupandishwa treni. Wakaja barazani kwetu kwa makundi. Wa kwanza alitaka kurudi kwao. Wa pili vilevile. Wa kumi vilevile.

Ndipo nikabuni mbinu iliyonifurahisha sana. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, nilipiga barua nzima za mkonge nikiacha nafasi nne tu: jina, namba, miaka ya kazi, na mahali atokapo. Mengine yote yalikuwa tayari. Naomba kusafirishwa mimi na mizigo yangu kurudi nyumbani kwetu, nukta nukta nukta, ambako nitaishi maisha yangu yaliyobaki. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, na niliipenda. Mteja akifika, nachomeka karatasi, nauliza maswali manne, kengele inalia, anachovya kidole kwenye pedi ya wino, kwisha.

Mzee huyo alikuja siku ya Alhamisi. Alivaa koti la kijeshi lililofifia na ndala zilizofungwa kwa mkonge. Nyuma yake kulikuwa na foleni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kambini wamesema tuandike barua."

"Ndiyo, najua. Jina lako?"

Akanitajia. Nikauliza namba, akanitajia kwa haraka kuliko alivyotaja jina. Nikauliza miaka. Nikauliza kwao ni wapi, akasema Kigoma, kisha akaanza kueleza. Alieleza kwa muda, kwa sauti ndogo, akitazama vibonye. Mimi nilikuwa nalinganisha karatasi ili neno Kigoma likae sawasawa juu ya nukta. Nilisikia sauti yake kama unavyosikia redio ya jirani.

Mama alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: asiyejua kusoma asomewe barua yake kwa sauti kabla ya dole gumba. Siku ile sikusoma. Foleni ilikuwa ndefu, barua ilikuwa ileile niliyowasomea wengine wiki nzima, na niliona ni kupoteza muda. Nikamshika kidole, nikakigandamiza, nikamkabidhi. Akainama kwa heshima kana kwamba nimempa kitu kikubwa.

Kesho yake mchana, Ijumaa, tulikuwa tunapanga nakala za kaboni kwenye bati la biskuti. Mama akasema:

"Yule mzee wa koti la jeshi alinihuzunisha."

"Yupi?"

"Wa Kigoma. Aliyefiwa na mke. Si alisema mkewe amezikwa kule kule kambini?"

"Karibu na mfereji," nikajibu. Nilishangaa kuona kwamba ninajua. "Alisema kaburi lipo karibu na mfereji, na amepanda mihogo pembeni."

"Halafu anaondoka analiacha kaburi?"

Maneno yote ya mzee yalinirudia, moja moja, kwa mpangilio aliousema. Kwamba Kigoma aliondoka kijana na waliokuwa wakimjua wamekwisha. Kwamba chumba chake hakivuji. Kwamba anaomba, kama wakubwa wataona vema, aachiwe chumba hicho abaki. Abaki. Masikio yangu yalipokea yote, ila mikono ilikuwa imeshamaliza.

Nikaitafuta nakala. Ilikuwa pale, jina lake na namba yake, na chini yake sentensi yangu nzuri kuhusu maisha yaliyobaki. Lori la kwenda stesheni lilikuwa liondoke Jumatatu. Mzee yule angepakiwa humo kwa ombi lake mwenyewe, lenye dole lake.

Mama hakunigombeza. Alifunga bati la biskuti, akaenda kuifunika mashine kwa kanga na kuifunga mafundo mawili.

"Kesho Jumamosi ofisi za shamba zinafunguliwa nusu siku. Nenda nayo."

"Na mashine?"

"Ukiandika kwa kalamu hawatakusikiliza. Na ukiiangusha, usirudi."

Nilishuka basi barabara kuu asubuhi, nikatembea katikati ya mistari ya mkonge na taipureta kichwani. Ni nzito kuliko ndoo ya maji, na tofauti na maji haikai sawa. Kila nilipojikwaa kengele yake ililia ndani ya kanga. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama kunitazama.

Mzee nilimkuta kwenye mihogo yake, nyuma ya safu ya vyumba. Aliponiona akatupa jembe, akacheka kwa furaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba! Jibu limekuja na wewe mwenyewe?"

Nikaushusha mzigo. Nikamweleza, nikiwa nimesimama, bila kuzungusha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimeomba kwenda," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na dole ni langu."

"Ni lako."

Akakitazama kidole chake gumba, bado kilikuwa na weusi pembeni mwa ukucha. "Basi nimejifukuza mwenyewe," akasema, akacheka kidogo, lakini si kama mwanzo. Halafu akaketi kwenye tuta.

Nilitamani anitukane. Badala yake aliniuliza kama nimekula.

Ofisini tulimkuta karani wa shamba, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimwamkia, nikaeleza. Akaitafuta barua kwenye rundo na kunionyesha mhuri mwekundu: IMEPOKELEWA.

"Barua imepigwa chapa vizuri kabisa," akasema. "Haina hata kosa moja."

"Kosa ni langu. Hakusema hivyo."

"Mzee, ulisema nini?"

"Nilisema nabaki."

Karani akamtazama mzee, akaitazama barua, akamtazama mzee tena. Niliona wazi ni kipi kati ya viwili kilichokuwa na uzito kwake. Akalisogeza rundo zima mbele yangu.

"Dada, angalia. Zote zinasema hivi hivi. Neno kwa neno. Zote umepiga wewe?"

"Nyingi ni zangu."

"Sasa nikikubali kwamba hii si yake, hizi nyingine nizifanyeje?"

Mpaka dakika ile nilikuwa nafikiria mzee mmoja. Niliyatazama madole yote yale yamejipanga chini ya karatasi, na sikuweza kukumbuka ni wangapi niliwasomea.

"Niruhusu niandike hii moja," nikasema. "Upokee zote mbili."

Alifikiri. Kilichomsaidia, nadhani, ni mashine. Nilipoifungua kanga na kuiweka kwenye kreti la soda pale nje ya mlango wake, uso wake ulilegea. Mtu hawezi kubeba taipureta kichwani kutoka barabara kuu kwa uongo. Akatoa karatasi mbili za ofisi akanipa.

Nikachomeka karatasi tupu. Mikono ilitaka kuanza na Husika na somo hapo juu. Nikaizuia.

"Sema, mzee."

"Niseme kama siku ile?"

"Kama siku ile. Polepole."

Akasema. Alipokwama nilisubiri, na alikwama mara nyingi, maana mtu akisubiriwa anaanza kuyapima maneno. Alisema: Naomba nibaki chumba changu. Hapa ndipo nilipomzika mke wangu. Kigoma nikishuka sitajua nielekee upande gani. Nina nguvu za kulima bado. Karani alikuwa amesimama mlangoni. Utepe ulikuwa umechoka na A zote zilitoka zimepauka, kama zilizoandikwa kwa majivu. Nilipomsomea, alinisimamisha sehemu moja tu. "Hapo pa nguvu za kulima," akasema, "weka pia kwamba sisumbui mtu." Nikaweka.

Karani akaigonga mhuri. Kisha akachukua orodha ya lori, akaweka rula juu ya jina la mzee na kulikata kwa mstari mmoja ulionyooka. "Chumba siahidi," akasema. "Hilo ni la meneja. Lakini Jumatatu hapandi."

Chumba alikipata. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa na aliniletea barazani nimsomee, pamoja na mihogo ambayo fundi viatu aliila zaidi yetu. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile Jumatatu.

Nilikwenda stesheni mchana, peke yangu. Wazee wa mkonge walikuwa wameshapanda, wamejaza behewa zima, wamefunga masanduku yao ya mbao kwa kamba walizosokota wenyewe. Nilipita dirisha kwa dirisha nikiwauliza. Sijui mpita njia angenionaje, binti anayewauliza wasafiri kama kweli wanataka kusafiri.

"Dada chapa! Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuuliza. Ulitaka kurudi kwenu?"

"Kwani mimi mwendawazimu? Miiba imenitoboa vya kutosha!"

Wakacheka. Wa dirisha la pili alisema ndiyo. Wa tatu alisema mkewe ameshatangulia kwao. Mmoja aliniambia niache maswali, nimletee maji, nikamletea. Nilianza kupumua.

Kwenye dirisha la mwisho alikaa mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma. Nilimkumbuka sura, sikumkumbuka maneno.

"Wewe mzee, unakwenda kwenu Kigoma?"

"Mimi nilikuambia Dodoma," akasema. "Kwa dada yangu. Kigoma nilizaliwa tu."

"Mbona hukunisahihisha nilipokusomea?"

"Hukunisomea. Na barua ilikuwa imeshaandikwa, mwanangu. Ningesemaje?"

Filimbi ilipigwa. Nilimshika mkono dirishani, nikaanza kumwambia nitakimbia kwa mkuu wa stesheni, nitaandika nyingine, ashuke kwanza. Alinipigapiga mkono kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Acha. Tikiti ni ya Kigoma, mimi nitashuka Dodoma. Hili gari-moshi halijui kusoma."

Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akaishika kofia yake upepo ulipoanza. Behewa likasogea. Nilitembea sambamba nalo mpaka jukwaa likaisha, nikimuuliza jina la dada yake, na mtaa, na kama kuna anayejua kwamba anakuja. Alijibu. Niliona midomo ikijibu, lakini magurudumu yalikuwa yameanza kupiga kelele, na safari hii sikusikia hata neno moja.